Maneno Ambayo Mke Wangu Hakuyasema

Mimi ni mtu wa hasira, na haya nayaandika kwa hasira, ila safari hii sina wa kumtupia. Nilikuwa mwalimu wa shule ya kanisa katika kijiji kimoja cha Uzaramo, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu kutoka misheni ya Maneromango, enzi za Waingereza, miaka ile baada ya vita ya pili. Siku za juma nilifundisha watoto kusoma na kuhesabu. Jumapili ambazo mchungaji hakufika, na zilikuwa nyingi, ibada niliongoza mimi. Juu ya hayo nilikuwa karani wa baraza la wazee wa kanisa. Nilijiona mtu mkubwa sana.

Wakristo tulikuwa wachache. Majirani wetu karibu wote walikuwa Waislamu, na wengi walikuwa ndugu zetu wa damu. Mama mkwe wangu mwenyewe alikuwa Mwislamu wa Visiga, upande wa barabara ya Morogoro. Idi tulikula kwake na Krismasi alikula kwetu, na hakuna aliyeona ajabu. Ugomvi wetu mkali ulikuwa wa sisi kwa sisi, waliobatizwa maji yale yale. Je, Mkristo anywe tembo la mnazi? Je, acheze ngoma ya harusi ya ndugu yake? Tulishindana juu ya mambo hayo mpaka watu wakaacha kusalimiana kisimani. Lakini lililotuvuruga kuliko yote lilikuwa jambo la mwali.

Kwetu msichana akivunja ungo huwekwa ndani. Hukaa chumba cha ndani miezi, na zamani hata mwaka na zaidi, hapigwi na jua, na wanawake wazima wa ukoo humfunda mambo ya mwili wake, ya ndoa na ya uzazi. Siku ya kumtoa huogeshwa, hupakwa mafuta, huvishwa nguo mpya, na ngoma hulia. Asiyepita humo huambiwa hakuchezwa, na neno hilo humuuma msichana kuliko matusi ya nguoni. Wamisionari wa kwanza, Wajerumani, walilikataza jambo hilo lote kwa Wakristo. Vita ilipokuja wakachukuliwa, tukabaki wenyewe. Baadaye walifika wazungu wengine, na mmoja wao, kijana mpole, akatuuliza siku moja kikaoni, "Kwani ubaya wake hasa uko wapi?" Alidhani anatusaidia. Siku hiyo wazee wetu waligawanyika, na hawakuungana tena.

Upande wa makatazo alisimama mzee mmoja fundi seremala. Watu walimwita mkali, na mkali alikuwa, lakini alikuwa na sababu yake. Alipokuwa kijana, dada yake aliugua akiwa mwali, na ukoo ukakataa kumtoa nje apelekwe kwa daktari kabla siku zake hazijatimia. Akafia mle ndani. Seremala aliniambia habari hiyo mara moja tu, huku akipiga randa, na hakuinua uso. Upande wa pili alikuwako mzee wetu wa kwanza kabisa, mkulima wa mihogo, aliyebatizwa kabla wengi wetu hatujazaliwa. Yeye alisema mabinti wawekwe ndani na mama wa kanisa, mwezi mmoja, bila dawa na bila ngoma, wafundwe na kuombewa. "Mtoto lazima afundwe na mtu," alisema. "Tusipomfunda sisi, atafundwa na njia." Mimi nilikuwa upande wa seremala. Sikuwa na dada aliyekufa. Nilipenda sheria tu, kwa sababu mtu aliyekuwa akiisoma sheria mbele za watu nilikuwa mimi.

Tulikuwa na mtoto mmoja tu aliyeishi, binti. Mwaka aliovunja ungo, mke wangu hakuniambia. Aliniambia kwamba mama yake, kule Visiga, ni mgonjwa sana, na kwamba anataka kwenda na binti kumuuguza. Nikawasindikiza hadi Kisarawe walikopanda lori, nikiwa nimebeba mzigo wao kichwani. Jumapili nne mfululizo nilisimama mbele ya kanisa nikamwombea mama mkwe wangu. Niliomba kwa sauti, nikamtaja kama mjane aliyelala kitandani kwa maumivu, na watu wakaitikia amina. Seremala alifunga kwa ajili yake, siku nzima bila kula.

Walirudi Jumamosi jioni, na kesho yake mke wangu alimwingiza binti kanisani. Ngozi ya mtoto ilikuwa laini kwa kukosa jua, inang'aa kwa mafuta, na alikuwa amevaa kanga mpya doti nzima. Alitembea taratibu, macho chini, na kukaa alikaa namna nyingine. Hakukuwa na mwanamke wala mwanamume mle ndani asiyejua amemwona nani. Ndilo lilikuwa kosa la mke wangu, na ni kosa ambalo mtu mwenye hila asingelifanya. Angaliweza kumficha wiki mbili tatu mpaka ile rangi ipotee. Lakini aliona kwamba siku ya kwanza ya mwali kutoka nje, mahali pa kumpeleka ni mbele ya Mungu. Walimfunda wenyewe, yeye na mama yake, hakukupigwa ngoma, hakukutumika dawa, na kila asubuhi walisoma Zaburi, bibi Mwislamu akisikiliza. Alidhani tukimwona binti amesimama pale na kitabu cha nyimbo mkononi, tutaelewa.

Mimi nilikuwa mimbarini. Nilichoelewa ni kwamba nimemwombea mtu mzima wa afya Jumapili nne. Nilisikia mtu akicheka nyuma. Uso uliniwaka, na mpaka leo sikumbuki niliimaliza vipi ibada ile.

Nyumbani nilimuuliza, "Umenifanya mjinga mbele za watu?"

"Nimekudanganya," alisema. "Hilo nakuomba radhi. Ningekuambia ungekataa, na mtoto angekuwa wa kuchekwa mpaka uzeeni."

"Umetenda dhambi."

"Kukudanganya, ndiyo. Kumfunda mwanangu, hapana."

Baraza lilikaa juma lile lile, mchungaji akiwako. Wazee walikuwa wanne, nami karani nilikuwa na kura. Wawili walisema atengwe, wawili walisema aonywe tu. Mzee mkulima alinitazama akaniambia, "Mwalimu, wewe ni mumewe. Ukijitoa kwenye kura hii hakuna atakayekulaumu." Mchungaji naye akasema naweza kujitoa. Nikaona nikijitoa watu watasema mwalimu anawatenga wake za wengine, wake anamficha. Nikapiga moyo konde, nikainua mkono. Kisha nikaandika kitabuni, kwa mwandiko mzuri, jina la mke wangu na neno ametengwa.

Kutengwa maana yake ilikuwa hivi. Hakuwa na ruhusa ya kufika kwenye Meza ya Bwana. Alikaa benchi la mwisho, karibu na mlango. Akifa katika hali hiyo, kengele haipigwi, mchungaji wala mzee haombi kaburini, na huzikwa nje ya uzio wa makaburi ya kanisa. Mlango wa kurudi ulikuwa mmoja: kusimama mbele ya watu na kuitaja dhambi kwa jina lake, na kusema umeiacha. Nilidhani ni jambo la mwezi mmoja. Nilimjua mke wangu kuwa mpenda amani.

Hakukosa Jumapili hata moja. Alikuja, akakaa mlangoni, akaimba. Siku za Meza, mchungaji akiwako, niliposoma maneno ya kualika watu mezani niliangalia kitabu ili nisimwone. Mara mbili alimwendea mchungaji akasema yuko tayari kusimama na kuungama uongo wake wote, ule wa kwangu na ule wa kanisa zima, hata kwa kupiga magoti. Mchungaji akamwambia hilo ni jema, lakini alilotengewa ni mwali.

"Binti yangu atakuwa amekaa pale," mke wangu alimjibu. "Atanisikia mama yake nikisema kwamba siku alipokuwa mwanamke, mama yake alitenda dhambi. Atakaa na neno hilo maisha yake yote. Siwezi, baba mchungaji."

Nilikuwapo aliposema hayo. Nilikasirika. Niliona anataka kunishinda.

Mwaka uliofuata masika ilikuwa ya mvua nyingi kupita kiasi. Barabara ya Kisarawe ilikatika, mabonde yalijaa, na mchungaji akakwama ng'ambo ya mto. Mke wangu alinyeshewa shambani, akashikwa na kichomi. Siku ya tatu alikuwa akivuta pumzi kwa shida, na siku ya nne sote tulijua.

Wa kwanza kuja alikuwa seremala. Alitembea katika mvua tangu kwake, mzee yule, akafika amelowa hadi mifupani. Kwa sheria yetu, mchungaji akikosekana, mzee wa kanisa aliweza kupokea toba ya mgonjwa aliye hatarini. Nilitazamia ukali. Badala yake alipiga magoti kwenye sakafu ya udongo kando ya kitanda, akamshika mke wangu mkono na kulia. "Mwanangu," alimwambia, "sema neno moja tu. Sitaki ulale nje ya uzio. Mimi nilimzika dada yangu bila maombi, sitaki tena. Sema tu, mwanangu, nikusikie."

Mke wangu alimwangalia kwa huruma. Akasema, "Baba, asante kwa kuja. Nenda ukabadilishe nguo, utaugua." Hakusema zaidi. Seremala akatoka kwenda nyumba ya jirani kuota moto, akiniomba nimwite mara tu atakapokuwa tayari.

Tulibaki watatu, mimi, yeye na binti. Ilikuwa mchana, mvua imepungua. Mke wangu aliniita nikainama.

"Wakikuuliza, usiseme nilisema," aliniambia. "Nizike popote."

Nikamwambia asinene hivyo. Akamgeukia binti, akamwambia achukue kanga zake zote, asimgawie mtu. Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya mwisho ya kueleweka. Hakuimaliza saa ile.

Wanawake waliingia kumwosha. Mimi nilitoka barazani, na wazee wote wanne walikuwa wamekusanyika pale, chini ya makuti yanayovuja. Hakuna aliyekaa. Seremala, akiwa amejitanda shuka ya kuazima, aliniuliza kwa sauti iliyotetemeka, "Alisema?"

Sasa nieleze vizuri, maana hapa ndipo nilipo mpaka leo. Hakuna aliyenilazimisha. Seremala alitaka nijibu ndiyo kwa sababu alimpenda na aliiogopa ile nafasi ya nje ya uzio, kwenye magugu, walikozikwa watu wawili waliojinyonga. Mzee mkulima hakutaka nijibu lolote, alitazama matope. Kama ningesema hapana, naamini angesema yeye mwenyewe ataomba kaburini, sheria au si sheria, na baraza lingevunjika pale pale, na labda lilipaswa kuvunjika. Mimi nilifikiria majembe. Nilifikiria watu wakipita na jeneza mbele ya lango la makaburi bila kuingia, na mimi mwalimu nikifuata nyuma. Nilijionea huruma mimi, na nikaiita huruma hiyo mapenzi kwa mke wangu.

"Alisema," nikajibu.

Seremala alinikumbatia. Alicheka na kulia pamoja, akamshukuru Mungu kwa sauti kubwa. Mlango wa nyumba yetu ulikuwa wa mkeka tu, na nyuma ya mkeka huo binti yangu alikuwa amemshika mama yake kichwa, anamwosha.

Kengele ilipigwa. Tulimzika ndani ya uzio, mahali pazuri. Seremala aliongoza maombi, na kwa furaha yake akaongeza maneno ambayo sikuyatarajia. Alisema mbele ya watu wote, Wakristo na Waislamu, kwamba dada yetu ameikana dhambi ya kumweka mwanawe mwali, na kwamba wanawake wote wa kanisa wajifunze kwake. Mama mkwe wangu alikuwa hajafika kwa sababu ya barabara, hilo nilishukuru. Binti alikuwa amesimama mbele yangu, hatua mbili, na niliona mgongo wake ukikakamaa.

Hakunisemesha siku zote za matanga. Watu walipoondoka alikuja na furushi la kanga za mama yake.

"Baba, shikamoo."

"Marahaba."

"Mama hakutubu. Wewe umemtubisha maiti."

Nilimwambia ni mtoto, hajui mambo ya watu wazima. Akanijibu kwa adabu, "Mimi si mtoto. Mama alihakikisha hilo." Siku barabara ilipofunguka alikwenda Visiga kwa bibi yake. Huko aliolewa na mkulima Mwislamu, akasilimu. Nilimwandikia barua tatu. Ya tatu ilirudi kwa mkono wa dereva wa lori, haikufunguliwa.

Kitabuni niliandika alitubu kabla ya kufa, nikatia sahihi. Mchungaji alipofika nilitaka kumweleza. Nilianza hivi, "Baba mchungaji, kuhusu mke wangu," naye akanipiga begani akaniambia nishukuru, wengi hawapati neema hiyo. Nikashukuru.

Ningekuwa nimemdhulumu yeye peke yake, ingekuwa dhambi ya kawaida, mtu angeizoea. Lakini jambo la mwali halikuzikwa naye. Mwaka baada ya mwaka liliibuka barazani. Wazungu walituachia tuamue wenyewe, na hata kule misheni nilisikia wengine wameanza kuwafunda mabinti kwa namna ile ile aliyofanya mke wangu, mwezi mmoja na Zaburi. Kwetu, kila mzee mkulima aliposimama kuomba tulegeze, seremala alisimama kwa upole kabisa na kusema, "Mke wa mwalimu alikuwa mwanamke wa akili kuliko wote hapa. Alijitetea mwaka mzima. Alipokiona kifo aliona ukweli. Mwalimu yuko hapa, aliyasikia kwa masikio yake." Kisha wote walinigeukia, na mimi niliinamisha kichwa nikaendelea kuandika. Hakuna hoja iliyoishinda hiyo. Mzee mkulima alifariki akiwa ameshindwa kura.

Zilipokuja siku za siasa za kudai uhuru tukagombana upya, na safu zikapangwa vingine. Huyo huyo seremala, aliyekuwa haruhusu ngoma, alikuwa wa kwanza kwetu kununua kadi ya chama, na waliokuwa wapole juu ya ngoma ndio waliosema Mkristo atii serikali na asimame mbali na mikutano. Nilimtetea seremala barazani asitengwe, kwa bidii. Watu walisema mwalimu amekuwa na moyo mpana. Hawakujua kwamba nilikuwa natafuta mtu yeyote wa kumwokoa asiandikwe kitabuni mwangu.

Wanawake waliotengwa kwa ajili ya mwali baada ya mke wangu walikuwa saba. Wengine waliungama, wengine walihama, wawili waliingia Uislamu na kupumzika. Wa mwisho ninayemkumbuka alikuwa mjane kijana, mwenye binti mmoja, kama sisi. Alikaa benchi la mlangoni miezi sita. Kisha mtoto wake mdogo wa kiume akaanza kuugua, na akataka amani na kanisa kabla lolote halijatokea.

Alikuja shuleni mchana, watoto wameshatoka. Alisimama mlangoni mpaka nilipomkaribisha.

"Mwalimu, shikamoo. Nimekuja kuomba msaada. Jumapili nataka kusimama, lakini kinywa hakifunguki. Kila nikijaribu kusema ni dhambi, namwona mwanangu." Alikuwa anasokota pindo la kanga yake. "Wanasema mama, marehemu mkeo, naye alikuwa hivyo, akakataa mwaka mzima, halafu akasema. Nikasema moyoni, kama yeye aliweza, nami nitaweza. Alisema maneno gani hasa? Nipe yale yale aliyosema yeye."

 Ningeweza kumwambia. Tulikuwa wawili tu, na angalirudi kwake akiwa mwanamke mwingine. Niliwaza mambo mengi kwa mara moja: kaburi lile ndani ya uzio, seremala ambaye sasa alikuwa kipofu na aliyeishi kwa kuamini kwamba aliokoa mtu mmoja, sahihi yangu, mshahara wangu, uso wangu.

Nikachukua chaki, nikaiweka chini. Kisha nikamwambia kwamba mke wangu alisema hivi: nimemtendea Mungu dhambi kwa kumweka mwanangu mwali, nimeiacha, naomba mnipokee. Nilimwambia alisema polepole, na kwamba baadaye uso wake ulikuwa na amani. Mjane aliyarudia mbele yangu mara tatu, kama mtoto wa darasa la kwanza, na nilimsahihisha aliposahau neno moja.

Jumapili alisimama. Binti yake alikuwa benchi la tatu. Aliyasema yote bila kukosea, nami nikamwalika mezani.